Dar ilipumua, kwetu simu haipatikani

Haya ni maneno niliyoongea Jumapili kwenye kikao chetu cha watu wa Kilwa tunaoishi Dar, pale Mbagala. Wengi hamkufika mkaomba niyaandike. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, kuna sehemu nimeongeza maana mbele za watu koo lilikuwa linanikaba nikawa narukaruka.

Shikamooni wazee wangu. Wajomba, mama zangu, kaka na dada, na nyie wadogo zangu mliosimama huko nyuma kwa sababu viti vimeisha, asanteni kwa kuja na jua hili.

Mwenyekiti kasema niongelee kimbunga. Nilimwambia mbona kila mtu hapa anakijua, Hidaya nani asiyeijua, mwaka 2024 mwezi wa tano, akanijibu hapana, wanachokijua ni kile cha kwenye taarifa ya habari, wewe ulienda, waambie ulichokikuta. Basi nimekuja kusema nilichokikuta, na nina ombi moja nitalisema mwishoni, mnivumilie nianzie mbali kidogo.

Kwetu wengi wenu mnapajua. Ukishapita Somanga, kabla hujafika Nangurukuru, unaacha lami unaingia kushoto upande wa bahari. Kijiji cha kawaida tu, nyumba za udongo na fito zimechanganyika na za tofali, makuti na bati, minazi, miembe mikubwa ya zamani, msikiti, shule, na pwani yenyewe upande mmoja ni mikoko upande mwingine mchanga ambapo ngalawa zinapandishwa. Nimezaliwa pale, nikaletwa Dar kwa mama mdogo nikiwa darasa la tano, na mpaka leo nikisema naenda nyumbani mtu asifikiri nazungumzia Mbagala.

Ijumaa ile ya tarehe 3 Mei Dar nzima ilikuwa inaongea kimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa walikuwa wanatoa taarifa moja baada ya nyingine, kiko baharini mashariki mwa Kilwa, kinasogea, watu wachukue tahadhari. Boti za Zanzibar zikasimamishwa. Kwenye magrupu ya wasapu zinazunguka klipu za vimbunga vya nchi za watu, mapaa yanaruka magari yanaelea, mtu anaandika hii ni Mafia sasa hivi na wala sio Mafia. Mimi niko dukani, sina mteja, mvua inapiga mabati, nikampigia mama mkubwa saa kumi jioni. Akasema hali shwari mwanangu, ila bahari imebadilika rangi. Nikamuuliza mmetangaziwa? Akasema ndio, kapita mtu na pikipiki ana spika, kasema tuchukue tahadhari. Nikamwambia tahadhari gani? Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, hakusema gani mwanangu, kasema tahadhari.

Hayo maneno mpaka leo nayasikia.

Jumamosi upepo na mvua, watu wamefunga maduka, na usiku ule ikatoka taarifa kwamba kimbunga kimeingia kisiwa cha Mafia na kimepoteza nguvu. Ilikuwa kweli, siilaumu hata kidogo, kile kitu kinachoitwa kimbunga kilikuwa kimekwisha kweli. Dar ikapumua. Jumapili asubuhi daladala zinatembea, watu wanachapa kazi, na mitandaoni wapo walioandika sasa kimbunga chenyewe ndo hiki, mbona tumetishwa bure. Nikiwa nasoma hayo napiga simu kwetu, namba unayopiga haipatikani. Napiga kwa mjomba, haipatikani. Napiga kwa mwalimu mmoja pale shuleni, haipatikani. Nikapiga kwa jirani yangu hapa Mbagala ambaye kwao ni Kivinje, na yeye kwao haipatikani. Tukakaa kibarazani wawili tunapiga namba zisizoingia, barabarani watu wanapita na mifuko ya sokoni, maisha yamerudi, na sisi hatujui kwetu nani yuko hai.

Ndugu zangu hilo ndo limenileta hapa. Habari ya kimbunga iliishia pale Dar ilipojua iko salama. Kwetu ndo ilikuwa inaanza.

Sasa nirudi nyuma kidogo kwa ajili ya vijana. Bibi yetu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa anahesabu miaka kwa kimbunga. Ukimuuliza mjomba fulani kazaliwa lini anakwambia alikuwa anatambaa mwaka wa kimbunga, na alikuwa anamaanisha kile cha Aprili 1952 kilichopiga Lindi. Alikuwa anasimulia watu walivyojifunga kanga kiunoni wakashikana mikono, sisi tunasikiliza kama tunavyosikiliza za sungura na fisi. Hatukujua anatupa taarifa. Na huko nyuma zaidi kipo cha Zanzibar, Aprili 1872, wakati wa Seyyid Barghash, kiliangusha mikarafuu ya Unguja sehemu kubwa sana na kuvunja vyombo vya Sultani bandarini, Pemba ikanusurika, na hiyo ni sababu mojawapo mpaka leo ukitaja karafuu unataja Pemba. Yani kimbunga kimoja kilihamisha zao zima kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine na likakaa hukohuko.

Kwa hiyo vimbunga kwetu vipo, ila vinapishana sana, na hapo ndo hatari ilipo. Kijana mmoja wa hapahapa aliyesomea mambo ya hali ya hewa alinieleza nikaelewa, nitajaribu kueleza kama yeye. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, kama nyuzijoto 26 na nusu kwenda juu, halafu kinahitaji kuzungushwa, na kinachokizungusha ni dunia yenyewe inavyojizungusha. Karibu na ikweta ule mzunguko haukamati, unaanza kukamata kadri unavyoshuka kusini. Kilwa tuko nyuzi kama 9 tu kusini mwa ikweta, Beira ya Msumbiji wako karibu 20, ndo maana wao wanapigwa sana. Halafu kuna Madagaska imelala pale baharini kama ukuta, vingi vinaishia kwake masikini. Lakini bahari ikipata joto kuliko kawaida, na mwaka ule tulikuwa tumetoka kwenye mvua za elnino tangu mwisho wa 2023, mambo yanabadilika. Na hata Hidaya haikuwa peke yake, mwezi uleule wa Mei kuna kingine kiliitwa Ialy kilipanda mpaka upande wa Kenya.

Tena tulikuwa tumeonywa mara mbili kabla. 2019 Machi Idai iliiharibu Beira, mwezi uliofuata Kenneth ikaja, Mtwara walishaanza kuhamisha watu, ikaingia Cabo Delgado hapo ng'ambo ya Ruvuma. 2021 Aprili tukaambiwa Jobo inakuja Dar na Pwani na Lindi, watu wakajifungia, ikafia baharini. Mjomba wangu mvuvi aliniambia kabisa, nilipoambiwa Hidaya nikakumbuka Jobo, ile siku tuliyokaa nyumbani na bahari imetulia, watoto hawakula. Mtu huyu sio mbishi. Yeye kila siku asiyoenda baharini anaijua bei yake. Ukimwambia tahadhari bila kumwambia tahadhari gani na kwa muda gani, anapima mwenyewe, na anapimia tumbo la watoto.

Basi, njia. Jumapili mchana ndo tukapata habari kwamba barabara imekatika. Maji yamekula barabara maeneo ya Somanga Mtama na kwingine kule mbele, mabasi ya kusini hayatoki Rangi Tatu, anayetaka Lindi na Mtwara azungukie Songea. Wazee hapa mnajua maana ya hiyo habari. Nyie mmelala Ndundu mkisubiri pantoni, mnakumbuka kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003, na hata daraja lilipokuja kikabaki kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 tu lakini masika basi linazama mnashuka mnasukuma, mnalala porini na watoto. Lami ilipokamilika tukasema sasa na sisi ni watu. Asubuhi unaondoka Mbagala mchana unakula samaki kwenu. Na hiyo lami ndo ilikatika.

Jumatatu usiku nikapata fuso lililobeba unga na maji ya chupa. Tukapita Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa gizani, chini yake mto Rufiji ulikuwa umejaa nimewahi kuuona hivyo siku gani sijui. Kumbukeni wenzetu wa Rufiji walikuwa ndani ya maji tangu Aprili, Muhoro ilikuwa imeshafurika kabla hata Hidaya haijapewa jina. Alfajiri pembeni ya barabara niliona familia zimekaa juu ya tuta la lami na magodoro na kuku, kwa sababu lami ndo ilikuwa sehemu pekee kavu. Hao hata kwenye habari ya kimbunga hawakuhesabiwa, wao walikuwa habari ya mafuriko, iliyopita.

Tulipofika kwenye foleni ya malori nikashuka nikatembea. Foleni ndefu, madereva wamelala chini ya semi zao, kina mama wanauza chai na maandazi. Pale palipokatika maji yalikuwa yamechota tuta lote chini, lami imebaki juu imening'inia kama ulimi, mabomba makubwa ya kalavati yametupwa huko bondeni kama vikombe. Mafundi na makatapila walikuwa wanafanya kazi mchana na usiku, hilo nimeliona kwa macho yangu, wamechafuka matope mpaka nywele. Sisi wa miguu tukashuka bondeni vijana wanatushika mikono, kuna mama ana mtoto mgongoni na mfuko wa mchele kichwani, maji ya mapaja, akawa anasema ya Rabi ya Rabi mpaka tukatoka upande wa pili. Huko nikapata boda.

Nisikilizeni sasa. Nilipofika kwenye njia panda ya kwetu nikamwambia kijana wa boda simama. Akasimama akafikiri nimeangusha kitu. Nilikuwa naiona bahari. Mimi tangu nazaliwa, kutoka pale barabarani hujawahi kuiona bahari, kuna minazi, kuna miembe, kuna mikorosho, unaifuata kwa harufu na sauti mpaka unatokea. Siku ile niliiona yote, inang'aa, imetulia kabisa kama haikufanya kitu. Nikaona na msikiti, na shule, na nyumba za watu mpaka za mwisho, vyote viko uchi. Mwanga ulikuwa mwingi mno. Na harufu sio ya kuoza kama nilivyotegemea, ilikuwa harufu ya majani mabichi, ile ya shamba lililofyekwa asubuhi, kijiji kizima kinanuka hivyo kwa sababu kila kitu kimevunjika kingali kibichi.

Minazi mingine imeng'oka na mizizi yake, mingine imekatika katikati, na ile iliyobaki imesimama makuti yote yameelekea upande mmoja kama mtu aliyepigwa kofi hajageuza uso. Mwembe wa mbele ya shule, ule ambao kila mmoja wetu wa pale kasomea chini yake madarasa yalipokuwa hayatoshi, umelala umeziba njia. Watoto walikuwa wanacheza juu ya matawi yake. Sikuwalaumu, nilishukuru kusikia kelele za watoto.

Mama mkubwa nilimkuta nje amekaa kwenye mkeka. Nyumba imesimama, paa halipo. Kenchi zimebaki mbili, bati zake tuliziona tatu, moja ilikuwa kwenye mwembe wa jirani imekunjika kama karatasi. Amemwaga mpunga kwenye mkeka anauchagua. Nikamsalimia shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu umekula? Hilo ndo neno lake la kwanza. Nikatazama ule mpunga, ulikuwa umechipua. Gunia nne za mpunga wa bondeni aliouvuna mapema, umelowa siku tatu, umeota ndani ya gunia, una vijani vidogo vyeupe. Alikuwa anatafuta punje ambazo hazijaota ili zibaki za mbegu. Punje moja moja. Nikakaa nikachagua naye, hatukuongea mpaka adhuhuri.

Kwetu hakufa mtu, Alhamdulillah. Nalisema hilo kwa shukrani yote. Ila ndo sababu hakuna aliyekuja na kamera, maana kinachohesabiwa ni waliokufa na nyumba zilizoanguka. Ngoja niwaambie visivyohesabiwa.

Msikitini walikuwa wameanika misahafu na juzuu za watoto wa madrasa juani, mikeka mitatu imejaa, mtoto mmoja kapewa kazi ya kufunua kurasa zisigandane, anafunua moja anapuliza, anafunua nyingine anapuliza. Daftari la kikoba cha kina mama lilikuwa limelowa wino umekimbia, nani kaweka nini nani anadaiwa nini hakisomeki, wakakaa chini wakakumbushana kwa mdomo, na walikubaliana bila ugomvi, hilo nimelishuhudia na nitalisema popote. Picha ya harusi ya mama mkubwa, pekee aliyokuwa nayo ya marehemu mume wake, imebaki kitambaa cha rangi. Visima vimefunikwa na maji ya mafuriko, vyoo vya shimo navyo vimejaa, kwa hiyo yale maji yote ni mamoja, watu wanashindwa kuchemsha kwa sababu kuni zimelowa na wanaogopa kutokuchemsha kwa sababu ya kipindupindu. Ngalawa nane zilikuwa zimevutwa mchangani lakini hazikufungwa, tano zimekatika ndubi, yale magogo ya pembeni yanayozizuia zisipinduke, moja haikuonekana tena. Nyavu za mjomba zilikuwa za mkopo. Nyavu zimeenda, mkopo upo.

Na ufuta. Wenzangu mliolima mnaelewa, mwanzo wa Mei ufuta wa kwetu unakaribia kukatwa, mtu ameshahesabu gunia zake kichwani, ameshapanga ada, bati, mahari ya kijana. Ule ufuta ulilala chini wote kwenye maji. Hivi nani anakuja na fomu ya kuuliza umepoteza gunia ngapi ambazo ulikuwa hujavuna?

Mama mkubwa alikuwa na minazi 41. Nimeihesabu mwenyewe kwa sababu aliniomba niihesabu, yeye alikuwa hataki kuzunguka. Iliyosimama ni 14. Mnazi wetu ule mrefu wa kienyeji unakaa miaka sita saba ndo uanze kukupa nazi, na yeye ana miaka 70 na kidogo. Nilipomwambia 14 aliitikia tu kwa kichwa akaendelea kuchambua mchicha. Jioni nikamsikia anamwambia jirani yake, ile ya upande wa kisimani aliipanda marehemu, haikubaki hata mmoja.

Kuna watu walikuja kuandika. Sitawataja wala sijui walitoka wapi vizuri. Walikuja mara moja, wakaandika waliobomokewa ukuta. Nyumba ya mama mkubwa ukuta umesimama, hakuandikwa. Jirani yake ukuta mmoja umeanguka paa lipo, kaandikwa. Wale wawili ni marafiki tangu usichana, na yule aliyeandikwa alipopata turubai na mchele alileta nusu kwa mama mkubwa bila kuombwa, wakalala chini ya turubai moja wiki tatu. Mimi nilirudi Dar baada ya siku tisa. Na hapa lazima niseme kwa uchungu, niliporudi nikakuta hata sisi wenyewe, watu wa kwetu, tumeshahama. Kwenye grupu letu walishaanza kuongea mpira. Nikiweka picha ya mapaa yaliyong'oka napata vidole gumba na pole dada. Tulichanga, ndio, Mwenyezi Mungu awalipe waliochanga, bati za nyumba sita tulipeleka. Ila tulichanga mara moja halafu tukaona imekwisha, kama Dar ilivyoona imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ile njia iliyotengenezwa kwa haraka, masika ya 2025 ikakatika tena palepale Somanga Mtama, magari yakakaa tena siku kadhaa. Mwaka huohuo mama mkubwa alipanda ile mbegu aliyoichagua punje moja moja, nusu ikakubali. Binti wa jirani anaitwa Hidaya, kaniambia shuleni anataniwa, wewe ndo umetubomolea, akalia akataka abadilishiwe jina. Bibi yake akamkalisha akamwambia hidaya ni zawadi, ni tunu, wewe uliitwa hivyo kabla ya upepo na utaitwa hivyo baada ya upepo. Yale majina nchi za ukanda huu wa bahari ndo zinayapendekeza yanawekwa kwenye orodha, hakuna aliyekusudia. Ila mtoto wa miaka tisa anabeba hilo.

Kuna mdogo wangu hapo nyuma aliniuliza kabla hatujaanza, dada kwa nini wasihame tu. Nimelifikiria tangu umeniuliza. Mjomba nilimuuliza hivyohivyo. Akaniambia nihamie wapi, bondeni Rufiji kuna maji, Dar nyie wenyewe Jangwani mnahamishwa kila masika, na bahari ndo najua kuisoma, nikienda bara nitasoma nini. Akasema nisaidie nijue mapema, na nijue la kufanya. Basi. Hakuomba zaidi ya hilo.

Kwa hiyo ombi langu ndo hilo na ni dogo. Msimu wa vimbunga unaanza kama Novemba unakwenda mpaka Aprili, Hidaya ikaja Mei, kwa hiyo tuseme mpaka Mei. Sisi wa hapa tuna simu kubwa, tuna bando, taarifa ya hali ya hewa inatufikia dakika ileile inapotoka. Mama zetu hawana. Wakipata neno wanapata tahadhari. Nataka kila mtu hapa awe na nyumba mbili kule, ya kwao na ya jirani asiye na mtoto Dar, na siku taarifa ikitoka asitume ujumbe, apige, aseme maneno yanayoshikika. Vuta ngalawa mpaka juu na uifunge kwenye kisiki. Mbegu, kitambulisho, kadi ya kliniki, picha, weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Chota maji masafi ya siku tatu kabla mvua haijaanza. Chaji simu leo, usingoje kesho. Usilale chini ya mnazi wala kwenye nyumba ya udongo iliyo karibu na mkondo, nenda shule, madarasa mapya ni ya bloku na yako juu. Na hili wengi hawalijui, upepo ukikatika ghafla katikati na jua likatoka usitoke nje kutafuta bati, hiyo inawezekana ni jicho la kimbunga, yani katikati yake, linapita halafu upepo unarudi kwa upande wa pili. Bibi alikuwa anatusimulia hilo, kimbunga kililala kikaamka, tukawa tunacheka.

Na baada ya hapo usiache kupiga. Siku ya habari kuisha ndo piga zaidi, na wiki ya pili, na mwezi wa tatu wakati mchele wa msaada umeisha na ufuta haupo.

Mzee wetu hapa ananionyesha saa, nimezidisha, samahani baba. Daftari liko pale mlangoni kwa dada aliyevaa mtandio wa kijani, andika jina lako, namba yako, na nyumba zako mbili. Kama namba ya kule huikumbuki mpigie ndugu yako sasa hivi muulize, tutangoja. Mimi nimeshaandika ya mama mkubwa na ya yule jirani yake wa turubai. Zote ni simu za kitochi, hazipokei picha wala sauti, na mama mkubwa sikio la kulia halisikii vizuri, kwa hiyo ukipiga acha iite mpaka mwisho, halafu ongea polepole.